The General au The Gold Rush: uanze na ipi, na utafute nakala gani

Mtu akitaka kuanza na vichekesho vya filamu bubu vya Marekani, majina mawili humfikia kabla ya mengine: The Gold Rush ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1925, na The General ya Buster Keaton, iliyoonyeshwa kwanza Tokyo tarehe 31 Desemba 1926 kisha New York Februari 1927. Zote mbili zilisambazwa na United Artists. Zote zina mwanamume asiyehesabiwa na wenzake, anayempenda mwanamke ambaye hajamkubali. Zaidi ya hapo hazifanani. Waongozaji hawa wawili wanaitumia kamera kwa nia tofauti kabisa, na mtu aliyeichoka moja anaweza kuipenda nyingine kupita kiasi.

Kwa hiyo tuseme mapema. Ukitaka kujifunza uongozaji, yaani kuona jinsi mahali, mashine na mwendo vinavyojenga kichekesho, anza na The General. Ukiwa na watu sebuleni ambao hawajawahi kukaa na filamu isiyo na sauti, na unataka wacheke na pia waguswe, anza na The Gold Rush. Lakini chukua ile ya 1925, si ile ya 1942. Sababu tutaieleza, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

Kamera inasimama wapi

Chukua kitendo kimoja kutoka kila filamu.

Katika The General, Johnnie Gray, anayeigizwa na Keaton mwenyewe, ni dereva wa treni wa Kusini wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Amekataliwa jeshini, na mchumba wake Annabelle Lee amemwambia asimsemeshe tena mpaka avae sare. Anakwenda kukaa juu ya ule mkono mrefu wa chuma unaounganisha magurudumu makubwa ya injini, kichwa chini, mawazo mbali. Mtu aliyeko ndani anaiondoa injini. Mkono unampandisha Johnnie, unamshusha, unampandisha tena, polepole, naye hana habari. Anagutuka pale injini inapozama ndani ya banda.

Yote hayo yamepigwa kwa mbali kidogo, kwa picha moja isiyokatwa, injini na mtu wakionekana wazima. Hapo pana somo zima la Keaton. Angekata na kutuletea uso wake kwa karibu, tungeanza kushuku kwamba kuna ujanja. Kwa kuacha kamera itulie, anatuhakikishia kwamba yule ni yeye, ile ni injini ya kweli, na ile ni hatari ya kweli. Injini ya mvuke isiyovuta mzigo ikifunguliwa mvuke zaidi kidogo, magurudumu hayasogei mbele. Yanateleza na kuzunguka papo kwa papo kwa kasi, na aliyekaa juu ya mkono ule anarushwa. Usalama wote wa Keaton ulikuwa mikononi mwa aliyeshika valvu.

Sasa The Gold Rush. Mtafuta dhahabu, yaani Chaplin mwenyewe, ameandaa chakula cha mkesha wa Mwaka Mpya, mishumaa imewaka, lakini Georgia, mwanamke anayempenda, na rafiki zake hawaji. Katika ndoto yake anachoma mikate miwili midogo kwa uma mbili na kuichezesha juu ya meza kama miguu. Kamera iko karibu, kuanzia kifuani, nyuma ni giza. Mikate inakuwa viatu, uma zinakuwa miguu, na kichwa cha Chaplin kinakuwa kichwa cha mchezaji mdogo mwenye miguu myembamba. Ukiirudisha kamera nyuma mita tatu, kichekesho kinakufa, kwa sababu utaona mwanamume aliyekaa mezani akichezea mkate. Chaplin anaweka kamera pale ambapo mwili wake unasema vizuri zaidi, na akishaiweka hana haja ya kuisogeza.

Wapo wanaosema Chaplin hakujua kamera. Si kweli. Alijua kwamba kazi ya kamera yake ni kumwonyesha mtu. Kazi ya kamera ya Keaton ni kumwonyesha mtu pamoja na dunia inayomzunguka.

Mzinga, hatua kwa hatua

Ukitazama sehemu moja tu ya The General kwa makini, iwe ile ya mzinga. Johnnie anawafukuza majasusi wa Kaskazini walioiba injini yake. Yeye yuko kwenye injini nyingine, na nyuma yake anavuta kibehewa kilichobeba mzinga mfupi mnene.

Mara ya kwanza anaweka baruti kidogo, kwa vidole, kama anayetia chumvi kwenye mboga. Tufe linaruka ovyo na kuangukia ndani ya chumba chake mwenyewe cha dereva. Mara ya pili anamimina baruti bila kupima na kuwasha utambi. Anaporudi mbele mguu unanaswa kwenye minyororo ya kuunganishia mabehewa. Kibehewa kinaachia, kinaburuta reli, na kwa mtikisiko ule mdomo wa mzinga unaanza kushuka kidogo kidogo mpaka unamwelekea yeye sawasawa. Anarusha kipande cha ukuni, hakisaidii kitu. Anakimbilia mbele kabisa ya injini. Kisha reli inapinda. Injini inatoka kwenye mstari wa tufe, mzinga unalipuka, na tufe linapita kwenda kuangukia karibu na treni ya wezi.

Angalia kilichomwokoa. Si akili yake wala nguvu zake, ni kona ya reli. Vichekesho vya Keaton vinafuata sheria za maumbile: uzito, mwendo, pembe, mnyororo uliokatika. Na ili mtazamaji acheke lazima awe anajua nani yuko wapi katika kila sekunde. Ndiyo maana treni inamfaa Keaton kuliko chombo kingine chochote. Ina mbele na nyuma tu, na hakuna anayeweza kukwepa kwenda pembeni.

Muda mfupi baadaye anakaa kwenye chuma cha mbele cha injini, amekumbatia taruma zito, na taruma jingine limelala kwenye reli mbele yake. Analirusha la mkononi likapiga ncha ya lile lililolala, yote mawili yakaruka nje ya njia. Pigo moja, bila mkato. Angekosa, injini ingepanda juu ya lile taruma naye akiwa mbele yake.

Hadithi yenyewe imekunjwa katikati kama karatasi: safari ya kwenda kaskazini, kisha safari ya kurudi kusini, na karibu kila kichekesho cha nusu ya kwanza kinarudi katika nusu ya pili kikiwa kimegeuzwa. Aliyekuwa anafukuza sasa anafukuzwa. Kwa mtu anayejifunza kuandika muswada wa filamu, kazi nzuri ya kufanya ni kutazama na karatasi yenye safu mbili na kuandika jozi hizo.

Cha kweli na cha kutengeneza

Keaton, aliyeongoza pamoja na Clyde Bruckman, alipeleka kazi Cottage Grove, Oregon, kiangazi cha 1926, kwa sababu kule kulikuwa na njia za reli za kampuni za mbao na injini za zamani zilizoweza kugeuzwa zifanane na za miaka ya 1860. Askari wapatao 500 wa akiba wa jimbo hilo walivaa sare za Kaskazini kisha wakavaa za Kusini, kutegemea ni jeshi gani linapita. Cheche za injini ziliwasha moto msituni, na moshi ukasimamisha kazi mpaka hewa ilipotakata. Daraja linaloungua na injini inayotumbukia mtoni ni vya kweli: tarehe 23 Julai 1926, mara moja tu, kwa takriban dola 42,000. Mara nyingi hutajwa kuwa picha moja ya gharama kubwa kuliko zote za enzi ya filamu bubu. Mabaki ya injini yalibaki mtoni hadi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, yalipochukuliwa kama chuma chakavu.

Chaplin alianza kwa njia hiyo hiyo, akaiacha. Alipeleka mamia ya watu milimani Truckee, California, mwaka 1924, wapige ile picha kubwa ya mwanzo, mstari mweusi wa wanadamu ukipanda theluji. Kisha akarudi studio na kutengeneza theluji yake. Kibanda kinachoning'inia ukingoni mwa genge ni mchanganyiko wa kibanda kidogo cha mfano na chumba kamili chenye sakafu inayoinamishwa. Kiatu kinacholiwa kilikuwa cha pipi nyeusi ya likorisi. Chaplin anapogeuka kuku machoni pa Big Jim, mwenzake wa kibandani mwenye njaa, ndani ya manyoya ni yeye mwenyewe, na mgeuko ulifanywa ndani ya kamera, kwa kuirudisha filamu nyuma na kuipiga upya juu ya picha ya kwanza.

Je, hili ni pungufu? Kwa Chaplin, hapana. Wakati wa kula kiatu hatujali kiatu kimetengenezwa na nini; tunatazama anavyozungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi na kunyonya misumari kama mifupa ya kuku. Adabu za mezani za mtu anayekufa njaa ndizo kichekesho, na ndizo huzuni. Lakini daraja la Keaton lingekuwa la mfano, filamu ingeporomoka nalo.

Upungufu wa Chaplin uko kwingine. Katikati, ndani ya ukumbi wa dansi, mwendo unapoa, na Georgia amepewa kazi ya kutazamwa zaidi ya kutenda. Annabelle wa Keaton anatupwa, anafungwa ndani ya gunia, anafagia chumba cha dereva huku wanafukuzwa, na anakataa kutia kuni yenye tundu motoni kwa kuwa haimpendezi. Johnnie anampa kijiti kidogo kama njiti. Anakitia kwa uangalifu mkubwa. Johnnie anamkaba shingo kidogo, kisha anambusu. Katika sekunde hizo chache wanakuwa watu wawili wa kweli.

Jambo la kusema kabla ya kuwasha The General

Filamu hii inamfanya shujaa mtu wa upande uliopigania kubakiza utumwa, na haisemi neno juu ya utumwa. Tukio halisi la tarehe 12 Aprili 1862 lilikuwa hivi: James Andrews na kundi lake la Kaskazini waliiba injini iitwayo General pale Big Shanty, jimbo la Georgia, wakitaka kuharibu reli na madaraja. Walikamatwa, Andrews na wenzake saba wakanyongwa. Keaton alichukua kisa hicho na kukitazama kutoka upande wa waliowafukuza.

Ukiwaonyesha vijana, waambie hivyo kabla, kwa dakika mbili. Ustadi wa filamu haupungui kwa kusema ukweli huu, na mtazamaji wa Kiafrika ana haki ya kujua anamshangilia nani. The Gold Rush haina mzigo wa namna hiyo, na kwa darasa la watoto hilo pekee linaweza kuamua.

Nakala: hapa ndipo filamu huharibikia

The Gold Rush iko katika sura mbili. Ya 1925 ina kadi za maandishi, yaani maneno yanayojitokeza kwenye kioo kati ya picha na picha, na huchukua karibu saa moja na nusu. Mwaka 1942 Chaplin aliitoa upya: akaondoa maandishi, akaweka muziki wake na sauti yake akisimulia, akapunguza hadi dakika 72 hivi. Hakupunguza muda tu. Mwaka 1925 Georgia anamwandikia barua ya mapenzi Jack, mwanamume mwingine, na Jack kwa ukatili anaipeleka kwa mtafuta dhahabu ili ajidanganye. Mwaka 1942 barua inaonekana kana kwamba ameandikiwa yeye. Busu la mwisho nalo limekatwa. Usimulizi wa 1942 ni wa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na unaeleza kwa maneno yale ambayo mwili umeshayasema. Kwa mtazamaji asiye na Kiingereza ni kero, na kwa anayekijua ni kama mtu anayekunong'oneza wakati wa kuchekea. Chaplin mwenyewe aliipendelea hiyo. Sisi tunashauri ya 1925, na zipo nakala zilizokarabatiwa zenye muziki wake uliorefushwa kuilingana.

The General haina tatizo la sura mbili, ina tatizo la ubora. Nchini Marekani imeshatoka kwenye hakimiliki, kwa hiyo intaneti imejaa nakala zilizonakiliwa kutoka nakala za nakala. Kabla ya kupakua, kagua haya.

Muda wake ni kama dakika 75 hadi 80. Ikizidi au kupungua sana, kuna kasi iliyokosewa au kipande kilichokosekana. Filamu nyingi bubu zilipigwa chini ya fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde; iliyopigwa kwa fremu 18 ikichezwa kwa 24 inakimbia kwa theluthi moja zaidi, na ya dakika 90 inakwisha kwa dakika 67 na nusu. Ndiyo asili ya dhana kwamba watu wa filamu bubu walitembea kama wanasesere. Usihukumu kwa matukio ya mbio, maana waongozaji wa vichekesho walikuwa wakiyaharakisha kwa makusudi. Tazama mtu akitembea kwa utulivu, au moshi ukipanda.

Pili, kingo. Nakala za zamani zilizopitishwa kwenye mashine za filamu za sauti hukatwa ukanda wa kushoto, mahali palipotengwa kwa sauti. Kwa Chaplin unapoteza kidogo, kwa kuwa yeye huwa katikati. Kwa Keaton unaweza kupoteza kichekesho chenyewe, kwa sababu hatari yake huingilia ukingoni. Kuna pale Johnnie anapasua kuni huku nyuma yake jeshi lake linarudi nyuma lote na jeshi la adui linajaa mahali pale. Ukingo ukikatwa, umbo la picha hiyo linavurugika.

Muziki nao uusikilize dakika tano. Nakala za bure mara nyingi zimebandikwa vipande vya piano visivyohusiana na kinachotokea. Ukiwa hivyo, afadhali uzime sauti kuliko kusikiliza dansi wakati daraja linaungua.

Ukionyesha kwa kundi

Weka runinga au projekta kwenye umbo la 4:3, yaani upana nne kwa urefu tatu. The General ina kipimo chake cha bure: magurudumu ya injini lazima yawe duara. Yakiwa kama mayai, picha imevutwa. Usibonyeze kitufe cha kuza ili kujaza kioo kipana, kwani unakata robo nzima ya urefu wa picha, na kinachoondoka ni bomba la moshi juu na miguu ya Keaton chini. Zima pia ule mfumo wa runinga unaolainisha mwendo. Unaipa filamu ya 1926 sura ya tamthilia ya video.

Kadi za maandishi zinahitaji mtu mmoja wa kuzisoma kwa Kiswahili kwa sauti. Atazame filamu mara moja peke yake, aandike tafsiri zote kwa mpangilio, na afupishe, kwa sababu kadi hukaa sekunde chache tu. Asisimulie kinachoonekana. Mazoea ya kibanda umiza, ya mtafsiri kuongea bila kupumua, yana utamu wake kwenye filamu za mapigano, ila hapa yanaua kichekesho. Kwa The General kazi hii ni nyepesi, kwani mara treni zikianza kukimbia maneno ni machache mno. The Gold Rush ya 1925 inadai zaidi, hasa ile barua. Mtafsiri akiikosa, watu hawataelewa furaha ya mtafuta dhahabu ni ya bure kiasi gani.

Tarajia dakika za mwanzo za The General kuwa za utulivu: mbio hakuna, mapigano hakuna, ni mtu anakwenda kumtembelea mchumba na kupanga foleni ya jeshi. Usiruke. Ofisi ile ya kuandikisha askari ndiyo inayobeba filamu yote, kwa kuwa wanamkataa kwa sababu dereva wa treni anafaa zaidi akiwa kazini, ila hakuna anayemwambia.

Na kama kundi lako ni la watoto wadogo na watu wazima waliochoka na siku, weka kando zote mbili kwa usiku huo na uchukue Safety Last! ya Harold Lloyd, ya 1923, iliyoongozwa na Fred Newmeyer na Sam Taylor. Ni dakika 73 hivi, na sehemu yake ya mwisho ni mtu mmoja anapanda ukuta wa jengo refu Los Angeles mpaka ananing'inia kwenye mshale wa saa. Kuta zilijengwa juu ya paa za majengo halisi, kila mara jengo refu zaidi, ili barabara ya kweli ionekane chini. Lloyd alikuwa amepoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia katika mlipuko wa mwaka 1919, na alipiga filamu hii amevaa glavu iliyoficha pengo hilo. Maandishi ya kutafsiri pale juu ni machache. Watoto wataanza kupiga kelele kuanzia ghorofa ya pili.